Ethelwynn Trewavas: Mwanamke aliyewapa majina samaki wa Ziwa Nyasa, na somo lake kwa anayetaka kufuga samaki kwenye kioo

Msikilizaji wetu, huenda umewahi kuona tangi la kioo lenye samaki wadogo wa rangi, kwenye mapokezi ya hoteli au katika duka mjini. Wengine huliita akwariamu. Ndani kuna mchanga, mawe, majani ya kijani, na samaki wa njano, buluu au wenye michirizi meusi. Watu wengi hudhani samaki hao wametoka mbali sana, labda China au Ulaya.

Ukweli ni kwamba baadhi ya samaki wanaopendwa zaidi na wafugaji wa vioo duniani asili yao ni Ziwa Nyasa, hilo hilo tunaloliona tukifika Mbamba Bay, Liuli au Lituhi. Na mmoja wa watu waliotusaidia kuwatambua samaki hao, kila aina kwa jina lake na tabia yake, alikuwa mwanamke Mwingereza aliyekaa miaka mingi akihesabu meno na magamba ya samaki. Aliitwa Ethelwynn Trewavas.

Leo tunasimulia maisha yake. Kisha tutaona namna kazi yake inavyoweza kumsaidia mtu wa Songea, Mbinga au Nyasa anayetaka kuanzisha tangi lake, au hata mwenye bwawa la perege shambani.

Mtoto wa pwani

Ethelwynn Trewavas alizaliwa tarehe 5 Novemba 1900 huko Penzance, mji wa pwani katika jimbo la Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza. Watu wa pwani ile, kama wa pwani zote, wameishi na bahari na uvuvi kwa vizazi vingi.

Alisoma Reading, akapata shahada na mafunzo ya ualimu, akafundisha shule kwa miaka michache. Baadaye akaenda London kwenye chuo cha wanawake, akawa anafundisha huku akifanya utafiti. Utafiti wake wa kwanza mkubwa haukuwa wa samaki. Ulihusu vyura: mifupa na misuli ya koo inayomwezesha chura kutoa sauti. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1933, na mwaka uliofuata akapata shahada ya juu ya udaktari wa sayansi.

Wakati huo Makumbusho ya Historia Asilia ya London yaliongozwa na Charles Tate Regan, bingwa wa samaki. Regan alikuwa na kazi nyingi za uongozi, naye alihitaji mtu makini wa kumsaidia utafiti. Trewavas alianza kufanya kazi naye, kwanza juu ya samaki wa ajabu wa bahari yenye kina kirefu. Mwaka 1935 aliajiriwa rasmi katika makumbusho hayo. Alibaki hapo hadi alipostaafu mwaka 1961, akiwa amefikia cheo cha naibu mkuu wa idara ya wanyama.

Mitungi kutoka Nyasa

Samaki wa Ziwa Nyasa walikuwa wameanza kufika London zamani. Daktari John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza kule Zanzibar, alisafiri na David Livingstone na kukusanya samaki ziwani mwaka 1861. Mwaka 1864 mtaalamu Albert Günther akaandika habari zao. Baada yake, watu wengine nao wakatuma samaki wao.

Mkusanyiko uliobadilisha mambo ulikuwa wa daktari mwingine, Cuthbert Christy, aliyevua samaki ziwani mwaka 1925 na 1926. Alipeleka London samaki wengi sana, wamehifadhiwa katika mitungi yenye dawa. Christy mwenyewe aliuawa na nyati huko Kongo mwaka 1932.

Mitungi hiyo ndiyo iliyofika mikononi mwa Trewavas. Hebu fikiria kazi yenyewe. Samaki akikaa kwenye dawa hupoteza rangi. Wa njano na wa buluu wote huwa kahawia. Ukiwapanga mezani mia mbili, jicho la kawaida litaona samaki wa namna moja tu, wakubwa na wadogo.

Trewavas aliwapima mmoja mmoja. Alihesabu magamba ya ubavuni na miiba ya mapezi. Aliangalia meno kwa lenzi: haya yamechongoka, haya yana ncha mbili, haya ncha tatu. Halafu alifungua koo. Samaki wa jamii ya perege wana taya mbili, moja mdomoni ya kukamatia chakula na nyingine kooni ya kukisagia. Mfupa wa koo humweleza mtaalamu samaki anakula nini. Mwenye meno membamba mengi husaga majani na ukungu wa mawe. Mwenye meno machache manene kama mbegu huvunja konokono.

Mwaka 1935 alitoa muhtasari wa samaki hao wa Ziwa Nyasa. Ndani yake aliunda makundi mapya ambayo wafugaji wa vioo wanayataja hadi leo: Labidochromis, Melanochromis, Petrotilapia na mengine. Wengi wao ni samaki wa kwenye miamba ambao wavuvi wa upande wa magharibi wa ziwa walikuwa wakiwaita mbuna. Jina hilo la wavuvi limeenea dunia nzima. Mfugaji wa Ujerumani au Japani asiyejua neno lingine la Kiafrika analijua neno mbuna.

Kutoka mezani hadi ziwani

Mwaka 1939 palifanyika uchunguzi wa samaki na uvuvi wa Ziwa Nyasa, na Trewavas alishiriki pamoja na Kate Ricardo Bertram na H. J. H. Borley. Ripoti yao ilitoka mwaka 1942, wakati dunia iko vitani.

Jambo mojawapo lililohitaji kujulikana lilikuwa la perege wakubwa wanaoitwa chambo. Kwa mnunuzi wa sokoni, chambo ni chambo. Lakini ndani ya jina hilo moja mlikuwa na aina zaidi ya moja, zinazozaliana mahali tofauti na wakati tofauti. Mwaka 1941 Trewavas alitangaza aina mbili mpya za perege wa ziwa letu. Moja aliiita lidole, jina lililotoka kwa watu wa ziwani. Nyingine aliiita karongae, kutokana na mji wa Karonga.

Kwa nini hilo ni muhimu? Kwa sababu ukifunga uvuvi mwezi ambao aina moja inataga, huenda nyingine umeiacha bila kinga. Leo perege hao wa Nyasa wamo katika orodha ya kimataifa ya samaki walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Samaki ambaye hana jina lake mwenyewe anaweza kwisha, na watu wakaendelea kusema chambo bado wapo.

Perege wa Zanzibar na mto wa Ruvuma

Kisa kingine kinawahusu wafugaji wa mabwawa moja kwa moja. Kufikia mwaka 1960 mtaalamu C. F. Hickling, aliyefanya kazi Malacca huko Malaysia, alikuwa ameshangaza wenzake. Alichukua perege dume waliotoka Zanzibar akawazalisha na majike wa perege wa Msumbiji. Watoto waliozaliwa walikuwa madume.

Mwenye bwawa anajua uzito wa jambo hilo. Perege wakiwa dume na jike huzaliana haraka, bwawa hujaa vidagaa, na mwisho unavua samaki wa ukubwa wa kidole. Madume peke yao hukua vizuri.

Lakini perege wa Zanzibar alikuwa nani? Trewavas alichunguza, na mwaka 1966 akaonyesha kwamba hakuwa perege wa Msumbiji wa rangi nyingine. Alikuwa aina tofauti, asili yake Mto Wami wa Tanzania Bara, naye akampa jina hornorum. Wataalamu wa baadaye wamemweka kama tawi la perege wa Rufiji na mito jirani.

Katika kazi hiyo hiyo ya mwaka 1966 aliwapitia perege wa mito inayomwaga maji Bahari ya Hindi, akampa perege wa Mto Ruvuma jina linalotokana na mto huo. Kwa hiyo, msikilizaji wa Songea, mto wetu una perege wake aliyeandikwa katika vitabu vya dunia kwa jina la mto wenyewe.

Leo katika maeneo mengi ya Tanzania watafiti wamekuta sato waliotoroka mabwawani na kuzaliana na perege wa asili. Watoto wanakuwa mchanganyiko, na baada ya muda aina ya asili inapotea. Ndiyo maana kabla ya kununua vifaranga, muulize muuzaji ni aina gani na wametoka maji yapi.

Uzee wenye kazi

Trewavas alistaafu mwaka 1961, lakini hakuacha kwenda kwenye mitungi yake. Mwaka 1983 kilitoka kitabu chake kikubwa kuhusu perege. Humo aliwagawa kwa kuangalia jinsi wanavyolea watoto. Wapo wanaotaga chini na kulinda mayai pale pale. Wapo ambao dume, au dume na jike pamoja, hubeba mayai mdomoni. Na wapo ambao jike peke yake hubeba. Hawa wa mwisho ndio Oreochromis, kundi la perege wengi tunaowala. Jina hilo lilitolewa mwaka 1889 kwa perege wa Ziwa Chala chini ya Mlima Kilimanjaro.

Mwaka 1989, akiwa na miaka 88, alichapisha pamoja na David Eccles kitabu kingine kuhusu samaki wa Ziwa Nyasa. Alifariki Agosti 1993 akiwa na umri wa miaka 92. Jina lake linaogelea bado: mbuna mmoja mwenye pua nene anaitwa Labeotropheus trewavasae, jina alilopewa mwaka 1956 na Geoffrey Fryer, mtafiti aliyeishi kando ya ziwa akiwachunguza samaki wa miambani.

Somo lake kwa tangi la nyumbani

Sasa tuje kwenye kioo chako. Wengi huanza kwa kununua tangi, kisha samaki wanaovutia, kisha majani. Baada ya wiki mbili samaki wanakufa. Kazi ya Trewavas inatufundisha kuanza upande mwingine: mjue samaki kwanza, anakula nini, anaishi maji gani, analeaje. Ukishajua hayo, tangi linajipanga lenyewe.

Mbuna ni samaki wa miamba. Meno yao ni ya kukwangua ukungu kwenye mawe, kwa hiyo majani laini watayatafuna, na mengine watayang'oa wakichimba mchanga. Tena madume ni wagomvi, kila mmoja analinda pango lake. Wanahitaji tangi la lita 200 au zaidi, mawe mengi yenye mapango, na maji magumu yasiyo na ukali wa tindikali, kama ya ziwa. Mawe yakae juu ya sakafu ya tangi kabla ya kumwaga mchanga. Ukiyaweka juu ya mchanga, samaki watachimba na mawe yatapasua kioo. Mmea unaowafaa ni ule wenye majani marefu kama utepe, ambao unaota wenyewe katika ghuba za ziwa zenye maji mafupi.

Ikiwa unataka tangi lenye bustani ya majani, chagua visamaki vidogo vya vijitoni, vinavyokaa kwa makundi na havili mimea. Tangi la lita 100 linatosha kuanzia. Kumbuka lita 100 za maji zina uzito wa kilo 100, bado kioo, mchanga na mawe. Meza dhaifu haifai.

Hatua zenyewe ni hizi:

1. Weka tangi mahali pasipopigwa na jua moja kwa moja. Jua kali hufanya maji yawe kijani. Majani yanahitaji mwanga wa saa 8 hivi kwa siku.

2. Osha mchanga wa mtoni mpaka maji yatoke safi. Tandaza unene wa sentimita 5.

3. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku nzima ili dawa ya kuulia vijidudu itoke. Maji ya vijito vya milimani mara nyingi ni laini. Kama unafuga samaki wa ziwa, weka kombe za baharini zilizopondwa ili yawe magumu.

4. Panda majani, kisha subiri. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa sumu, na bakteria wazuri wanaoibadilisha huchukua wiki 4 hadi 6 kuenea mchangani. Anza na samaki wawili au watatu, ongeza taratibu.

5. Lisha kiasi kinachoisha ndani ya dakika mbili. Chakula kinachobaki ndicho kinachoua samaki wengi zaidi kuliko njaa.

6. Badilisha robo ya maji kila wiki. Usibadilishe yote, wala usioshe kila kitu kwa sabuni, maana utawaua bakteria wako.

Kama huna umeme wa uhakika, weka samaki wachache na chagua tangi pana badala ya refu kwenda juu, ili hewa iingie kwa urahisi. Mchana majani hutoa hewa, lakini usiku nayo huvuta. Ukiona samaki wanahema juu ya maji alfajiri, hewa imepungua: punguza samaki au majani. Ishara hiyo ni ile ile kwa bwawa la shambani.

Baridi ya Songea ya Juni na Julai nayo isisahauliwe. Samaki hawa wanapenda maji ya nyuzi 23 hadi 27. Tangi kubwa hupoa polepole. Lifunike, liweke mbali na dirisha, na usiku zungushia blanketi ubavuni. Mwenye umeme anaweza kutumia kifaa cha kupasha maji.

Ukiona jike wa mbuna hali chakula na kidevu kimevimba, usimtibu. Amebeba mayai mdomoni, na atakaa hivyo karibu wiki tatu. Usimsumbue kwa wavu, atayatema.

Tahadhari mbili

Ya kwanza ni kichocho. Ukichukua majani ziwani au mtoni, unaweza kubeba konokono wanaoeneza ugonjwa huo. Usiingie kwenye maji yaliyotuama kutafuta mimea. Majani uliyopata yakague moja moja, yasuuze, na uyaweke kando kwenye ndoo siku kadhaa kabla ya kuyapanda. Usiyashike kwa mikono mitupu yakiwa bado na maji ya ziwani.

Hapa Trewavas anarudi tena. Kundi la Trematocranus aliliunda yeye mwaka 1935. Ndani yake leo yumo samaki mwenye meno manene ya kooni, anayevunja na kula konokono. Kusini mwa ziwa, upande wa Malawi, watafiti wamehusisha kuongezeka kwa kichocho na kuvuliwa kupita kiasi kwa samaki wanaokula konokono. Samaki aliyeonekana hana maana kwenye wavu alikuwa akilinda afya ya watoto wanaoogelea ufukweni.

Ya pili ni kumwaga. Ukichoka kufuga, usimwage samaki wala majani ya tangi mtoni au ziwani, hata kama unadhani wametoka huko. Mbuna wa mwamba mmoja anaweza kuwa tofauti na wa mwamba wa pili, na samaki wa dukani anaweza kuleta magonjwa. Mpe mfugaji mwingine. Na kabla ya kuvua samaki wa mapambo kwa ajili ya kuuza, pitia ofisi ya uvuvi ya wilaya, kwa kuwa biashara hiyo inasimamiwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003.

Wewe unawajua kwa majina gani?

Wataalamu kama Trewavas walipata baadhi ya majina yao kwa watu waliokuwa wakiwajua samaki kabla yao. Wazee wa Nyasa na wa kando ya Ruvuma bado wanajua majina ambayo vijana wengi hawayajui. Ukikaa na babu au bibi jioni, muulize: samaki huyu mnamwitaje, anakaa wapi, anataga lini, ana rangi gani akiwa mzima? Andika kwenye simu yako pamoja na picha na jina la mahali. Ukiona aina aliyoizoea mzee wako haipatikani tena, mwambie ofisa uvuvi wa kata au wilaya yako.